Mbio Zilizoamuliwa na Breki

Kusini-magharibi mwa Paris, mwendo wa kilomita zipatazo 200, uko mji wa Le Mans. Kila mwaka barabara zake za kawaida, zinazotumiwa na wakulima na wachuuzi siku nyingine, hufungwa ili magari yashindane usiku na mchana. Mbio hizo zilianza 1923. Katikati ya miaka ya 1960 bendera ilishushwa saa kumi jioni ya Jumamosi, na mashindano yakaisha saa kumi jioni ya Jumapili. Mshindi alikuwa yule aliyekwenda mbali kuliko wenzake ndani ya saa hizo 24, wala haikumsaidia mtu kuwa na kasi kubwa kama gari lake lililala njiani alfajiri. Kila gari lilikuwa na madereva wawili waliopokezana usukani. Mzunguko mmoja ulikuwa wa kilomita 13 na nusu hivi, na karibu nusu yake ilikuwa barabara moja iliyonyooka, Hunaudières, ambako dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho kwa zaidi ya dakika nzima. Baada ya hapo ilimlazimu kulikamata gari lililokuwa likikimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa na kulishusha mpaka kilomita 60 hivi, ili lipite kona ya Mulsanne.

Hiyo kona ndiyo nitakayoirudia. Habari ya Ford na Ferrari imezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa wakubwa wawili wenye kiburi: Henry Ford wa Pili, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni, huko Dearborn nchini Marekani, na Enzo Ferrari, huko Maranello nchini Italia. Kiburi kilikuwapo, tena kingi. Lakini kiburi hakipozi diski ya breki. Kila ninapoisoma upya habari hii, majina ya mafundi hunijia kabla ya majina ya matajiri, na naona ndivyo inavyostahili.

Mwaka 1963 Ferrari alikuwa na miaka 65, na Le Mans ilikuwa kama mali yake. Magari yake yalishinda kwa mara ya kwanza 1949, na tangu 1960 yalikuwa yakishinda kila mwaka. Ila kiwanda kilikuwa kidogo. Enzo aliuza magari ya barabarani kwa matajiri ili apate fedha za kushindania, na gharama za mashindano zilikuwa zikipanda kila msimu. Mwanawe Dino, aliyetarajiwa kurithi kazi, alifariki 1956 akiwa kijana. Mwaka uliofuata gari la Ferrari liliacha njia kwenye mbio za Mille Miglia na kuua watazamaji, na Enzo akaandamwa na kesi kwa miaka kadhaa kabla ya kuachiwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kutafuta mshirika mwenye fedha.

Ford nayo ilikuwa na fedha bila sifa. Vijana wa Marekani walikuwa wakiingia sokoni kwa mamilioni, na kampuni ilionekana kwao kuwa watengenezaji wa magari ya wazee. Mwaka 1962 Henry Ford wa Pili alijitoa kwenye makubaliano ya viwanda vya Marekani ya kutoshiriki mashindano, na mwaka uliofuata akatuma ujumbe Maranello kwenda kununua. Mazungumzo yalifika mbali. Wanasheria waliandaa karatasi. Yakavunjikia kwenye kipengele kimoja: bajeti ya mashindano ingehitaji idhini ya Dearborn. Enzo alikuwa tayari kuuza kiwanda, lakini hakuwa tayari kuomba ruhusa ya kushindana. Mei 1963 alivunja mazungumzo, na wajumbe wakarudi Marekani mikono mitupu. Henry Ford aliamua kwamba kama hawezi kuinunua Ferrari, ataishinda pale inapojivunia zaidi.

Siasa hiyo ya kushindana kila mahali ilifika mpaka kwetu. Pasaka ya 1964 kampuni ilileta East African Safari kikosi cha magari ya Mercury Comet kutoka Marekani, yenye injini kubwa na mafundi wa kutosha. Mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, tena nyuma kabisa. Aliyeshinda mwaka huo ni Peter Hughes akiwa na Billy Young, kwa Ford Cortina GT, gari dogo lililotengenezwa Uingereza. Nashangaa kwamba somo hilo, lililotolewa waziwazi kwenye tope la Afrika Mashariki, lililazimika kufundishwa tena Ufaransa kwa miaka miwili mizima.

Kwa ajili ya Le Mans, Ford ilifungua karakana Slough, Uingereza, ikawaajiri Eric Broadley, mbunifu wa magari ya Lola, na John Wyer, aliyeiongoza timu ya Aston Martin hadi ushindi wa 1959. Gari lililozaliwa, GT40, lilipewa jina hilo kutokana na kimo chake: inchi 40, yaani mita moja na kidogo. Lilikuwa zuri kutazama. Kwenye majaribio ya Aprili 1964 upepo ulilinyanyua mkia, na yote mawili yaliyopelekwa yakapata ajali. Juni, kwenye mbio zenyewe, Richie Ginther aliyapita magari ya Ferrari na kuongoza mzunguko wa pili tu, na watu wa Dearborn wakadhani kazi imekwisha. Gari moja liliungua moto, mengine mawili yakavunjika giaboksi. Ferrari ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ndipo kazi ikapelekwa California, kwa Carroll Shelby. Huyu alikuwa Mtexas aliyewahi kuishinda Le Mans mwenyewe, 1959, kwenye ile timu ya Wyer, akiwa na Roy Salvadori. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Aliwahi kushindana akiwa na kidonge chini ya ulimi, na 1960 alilazimika kuuacha usukani. Karakana yake ilikuwa na watu wawili ninaowahesabu kuwa nguzo za ushindi wote uliofuata. Mmoja ni Phil Remington, fundi ambaye hakuna kilichoharibika asichoweza kukitengeneza upya kwa umbo lingine. Wa pili ni Ken Miles, Mwingereza aliyezaliwa 1918, askari wa vikosi vya vifaru wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyehamia California 1952. Miles alikuwa na ulimi mkali na sikio la fundi. Aliendesha gari na kurudi kueleza kila kitu kinachogonga, kinachovuta upande na kinachopata joto.

Mojawapo ya mambo ya kwanza waliyofanya lilikuwa rahisi kabisa. Walibandika nyuzi fupi za sufu juu ya bodi la gari zima, wakalikimbiza, na kutazama nyuzi zilivyolala na zilivyosimama. Kwa njia hiyo waliona hewa ilikokwama, na wakagundua kwamba njia za kupozea hazikuwa zikipitisha hewa inavyotakiwa. Februari 1965 Miles na Lloyd Ruby walishinda mbio za kilomita 2,000 za Daytona, na huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa GT40.

Juni mwaka huo Ford ilikwenda Le Mans na injini mpya ya lita 7 kwenye magari yake mawili ya mbele. Yalikuwa na kasi ya kutisha, na usiku wa manane ulipofika hapakuwa na GT40 hata moja barabarani. Gasketi na giaboksi zilikuwa zimekwisha. Jambo linalosahaulika ni kwamba magari ya kiwanda ya Ferrari nayo yalisumbuka vibaya: diski zao mpya za breki zilipasuka. Lililookoa jina la Ferrari ni gari la mwaka uliopita, 250 LM, la timu binafsi ya Marekani, likiendeshwa na Masten Gregory na Jochen Rindt. Ulikuwa ushindi wa sita mfululizo. Aliyetazama kwa makini angeona tayari kwamba pande zote mbili zilikuwa na adui mmoja, yaani joto.

Fikiria kinachotokea pale Mulsanne. Gari la Ford, likiwa na mafuta na dereva, lilizidi sana tani moja. Kila dakika tatu na nusu hivi lilipaswa kutupa karibu mwendo wake wote ndani ya sekunde chache. Mwendo ule haupotei. Unageuka joto na kuingia kwenye diski nne za chuma. Diski zilifika joto la nyuzi za Selsiasi zinazokaribia 800, zikawaka nyekundu gizani. Kisha gari liliendelea na safari, na upepo wa baridi ukazipiga kwenye barabara iliyonyooka. Chuma kikiwashwa hivyo na kupozwa hivyo mara mia, kinapasuka. Injini ya lita 7, ambayo ndiyo ilikuwa fahari ya Dearborn, ilizidisha tatizo, maana gari zito lenye kasi zaidi lina joto zaidi la kutupa.

Hapa ndipo fedha za Ford zilipoanza kutumika kwa akili. Dearborn waliifunga injini pamoja na giaboksi kwenye mashine ya majaribio, wakaiendesha kwa mkanda uliorekodiwa wa mzunguko wa Le Mans: vuta, badili gia, achia, shusha, vuta tena, saa baada ya saa, ndani ya jengo, bila dereva. Kilichovunjika kilifunguliwa, kikachunguzwa, kikatengenezwa upya. Upande wa breki, Remington na wenzake walikubali kwamba hakuna diski itakayodumu saa 24. Badala ya kutafuta diski isiyokufa, walitengeneza mfumo wa kuichomoa iliyochoka na kuingiza mpya kwa dakika chache tu, wakati gari limesimama kujaza mafuta. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku Ford ilipoishinda Ferrari. Hapakuwa na mtazamaji wala bendera.

Mwaka 1966 ulianza vizuri. Februari, Miles na Ruby walishinda saa 24 za Daytona. Machi wakashinda saa 12 za Sebring. Miles sasa alikuwa na nafasi ambayo hakuna dereva aliyewahi kuipata, ya kushinda Daytona, Sebring na Le Mans mwaka mmoja. Ford ilipeleka Le Mans magari manane ya Mk II, yaani GT40 zenye ile injini ya lita 7, chini ya timu tatu tofauti. Ferrari ilikuwa na 330 P3 za lita 4, nyepesi na nzuri, lakini chache, na maandalizi yake yalikuwa yamevurugwa na migomo ya wafanyakazi Italia. Juu ya hayo, dereva wake bora, John Surtees, aligombana na meneja wa timu, Eugenio Dragoni, akaondoka kabla mbio hazijaanza. Henry Ford wa Pili mwenyewe ndiye aliyeshusha bendera ya kuanzia.

Miles, aliyekuwa akishirikiana na Denny Hulme wa New Zealand, alisimama mapema kwa sababu mlango wake haukufunga sawasawa, kisha akaanza kuwakimbiza wenzake mmoja mmoja. Usiku P3 zikaanza kuzidiwa, na ilipofika Jumapili asubuhi hakuna iliyobaki. Magari matano ya Mk II nayo yalikuwa yameshaharibika. Yaliyobaki yaliongoza peke yao: la Miles na Hulme, la Bruce McLaren na Chris Amon, na nyuma yao kwa mbali la Ronnie Bucknum na Dick Hutcherson.

Kilichofuata kinaniuma mpaka leo. Leo Beebe, mkuu wa mashindano wa Ford, aliamua kwamba magari yavuke mstari pamoja, ili kampuni ipate picha moja ya ushindi wa wote. Miles aliyekuwa mbele aliamriwa apunguze mwendo awasubiri. Akapunguza. Waandaaji waliwaeleza Ford kabla ya mwisho kwamba sare haiwezekani: gari la McLaren lilianzia mita chache nyuma ya la Miles kwenye mstari wa kuanzia, kwa hiyo yakivuka pamoja, la McLaren litakuwa limekwenda mbali zaidi. Amri haikubadilishwa. Magari yalivuka kwenye manyunyu, la McLaren likiwa limetangulia kidogo, na baada ya mizunguko 360 na kilomita 4,843 ushindi ukapewa McLaren na Amon. Kanuni ilifuatwa, na McLaren na Amon walikuwa madereva wazuri ambao hawakuiba kitu. Lakini mtu aliyelijenga gari lile kwa mikono na masikio yake alinyimwa taji lake na ofisi yake mwenyewe, kwa ajili ya picha.

Hakupata nafasi nyingine. Tarehe 17 Agosti 1966, miezi miwili tu baadaye, Miles alikuwa Riverside, California, akijaribu gari jipya la Ford lililoitwa J. Likamponyoka mwisho wa barabara iliyonyooka, likapinduka na kuvunjika, akafa papo hapo akiwa na miaka 47. Baada ya kifo chake gari hilo liliimarishwa kwa fremu ya mabomba ya chuma ndani ya chumba cha dereva, likabadilishwa bodi, na kuitwa Mk IV. Mario Andretti alipogonga kwa nguvu usiku wa Le Mans 1967, fremu ile ndiyo iliyomtoa akiwa hai. Hilo nalo liandikwe kwenye hesabu ya Miles.

Ferrari haikukaa kimya. Februari 1967, huko Daytona, shafti za giaboksi za Ford zilivunjika moja baada ya nyingine kwa sababu chuma chake kilikuwa kimepikwa vibaya kiwandani, na magari matatu ya Ferrari yakavuka mstari sambamba, mbele ya Wamarekani nyumbani kwao. Ile picha ambayo Ford iliitaka kwa gharama ya Miles, Enzo aliipata bila kumdhulumu mtu.

Juni 1967 Ford iliwaweka pamoja Dan Gurney na A. J. Foyt. Foyt alikuwa ametoka kushinda Indianapolis siku chache tu kabla. Gurney alikuwa mrefu hata paa la gari likatengenezewa kinundu cha kupitisha kofia yake. Wengi walitabiri kwamba wawili hao wangeshindana wao kwa wao mpaka walivunje gari. Kumbe Gurney alikuwa amefikiri kuliko wote. Kila alipokaribia mwisho wa Hunaudières aliondoa mguu kwenye mafuta mapema, akaliacha gari lipungue lenyewe, ndipo akakanyaga breki taratibu. Alipoteza sekunde chache kila mzunguko, na diski zake zikaishi.

Gurney alisimulia baadaye kisa cha usiku ule. Mike Parkes wa Ferrari, aliyekuwa nyuma kwa mizunguko kadhaa, alimkaribia na kuanza kumwashia taa, akitaka kumchokoza akimbie mpaka aharibu gari. Gurney alivumilia kidogo, kisha karibu na kona ya Arnage akatoka barabarani, akasimama kwenye majani. Parkes akasimama nyuma yake. Magari mawili ya kasi kuliko yote duniani yakakaa kimya gizani, katikati ya mashindano, mpaka Parkes alipoelewa kwamba huyu hachokozeki, akaondoka. Gurney na Foyt walishinda kwa tofauti ya mizunguko minne, wakiwa wamekwenda kilomita 5,232. Hakuna aliyewahi kuzidisha 5,000 kabla yao. Hata leo ndio ushindi pekee wa jumla wa gari la Marekani, timu ya Marekani na madereva wa Marekani. Jukwaani Gurney alitikisa chupa ya shampeni akawamwagia wakubwa, Henry Ford akiwamo, na madereva wa dunia nzima wanaiga mpaka sasa.

Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa, injini kubwa zikapigwa marufuku, na Ford ikafunga virago. Aliyebaki na GT40 ni John Wyer, safari hii akidhaminiwa na kampuni ya mafuta ya Gulf. Mwaka 1968 gari lake, chesi namba 1075, lilishinda kwa mikono ya Pedro Rodríguez na Lucien Bianchi. Mwaka 1969 alilirudisha lilelile, likiwa la kizamani kabisa, kukabiliana na Porsche mpya.

Mbio za 1969 zilianza saa nane mchana, kwa kuwa Jumapili Wafaransa walikuwa na uchaguzi wa rais. Desturi ilikuwa madereva wakimbie kuvuka barabara, warukie magari yao na kuondoka, na wengi waliondoka bila kufunga mikanda. Jacky Ickx, kijana wa Kibelgiji mwenye miaka 24, alikataa. Alivuka akitembea, akaketi, akafunga mkanda wake kwa utulivu, akaondoka wa mwisho. Kwenye mzunguko huohuo wa kwanza John Woolfe, aliyekuwa kwenye Porsche 917 bila mkanda, alipata ajali akafa. Mwaka uliofuata madereva walianza mbio wakiwa wameketi na mikanda imefungwa.

Siku ya pili yalibaki magari mawili tu ya kupigania ushindi: la Ickx na Jackie Oliver, na Porsche 908 la Hans Herrmann na Gérard Larrousse. Kwa saa za mwisho yalipitana karibu kila mzunguko. Kwenye dashibodi ya Porsche taa ya onyo ilikuwa imewaka, ikionyesha pedi za breki zinakwisha. Kusimama kuzibadilisha kungekuwa kukabidhi ushindi, kwa hiyo Herrmann akaendelea na breki zilizochoka. Mzunguko wa mwisho Ickx alimwacha Herrmann atangulie kwenye barabara iliyonyooka, akavutwa na upepo wake, akampita kabla ya Mulsanne, na kuilinda nafasi hiyo mpaka bendera. Baada ya kilomita karibu 5,000, tofauti ilikuwa mita 120 hivi.

Juni hiyohiyo Fiat ilinunua nusu ya Ferrari. Enzo alipata mkataba alioutaka tangu 1963: fedha za mkubwa, na madaraka ya mashindano yakabaki mikononi mwake. Magari ya Ferrari yalisubiri mpaka 2023 kushinda tena Le Mans kwa jumla, miaka 58 baada ya Gregory na Rindt. Ford haijashinda kwa jumla tangu siku ile ya Ickx, na imetangaza kurudi kwenye daraja la juu mwaka 2027. Ukija kumsimulia kijana wako habari hizi kabla ya mwaka huo, usianze na Henry wala Enzo. Anza na Phil Remington na zile diski zake za kuchomoa, kisha mwambie Ken Miles alikuwa nani.